Majirani Gungu Mwembeni: suala la mageti

JUMATANO

06:12 Baba Shani: Asalaam aleikum, Bwana asifiwe, mwakeye majirani. Nakumbushia suala la vivuko vya mageti, yaani pa kupandishia gari toka barabarani. Jana nimerudi saa tatu usiku, gari imekwangua getini mpaka mbwa wa Mwalimu wakaamka. Bampa limeachia upande mmoja. Lami tuliililia wenyewe, imekuja na kingo zake pembeni, sasa tunaingia majumbani kwetu kama tunapanda meli.

06:13 Baba Shani: Mpango ni huu. Mageti 11, kila geti 60,000. Fundi Hamisi ameshapita kupima. Mvua haziko mbali. Nataka majibu kabla ya adhuhuri.

06:31 Baba Shani: Tiki za bluu naziona. Mnasoma tu.

07:40 Dulla Bajaji: Mimi bajaji yangu inapanda hata ngazi 😂

07:41 Dulla Bajaji: Kingo haina kosa. Kosa ni hiyo gari yako ya Crown. Ulikata springi mwenyewe

07:43 Baba Shani: Sijakata springi. Ilikuja hivyohivyo toka Japani.

07:44 Dulla Bajaji: Basi Japani walikata

08:02 Mama Asha: Habari za asubuhi majirani. Dagaa wabichi wa Kibirizi wapo, wameingia alfajiri. Wiki ijayo mwezi unakuwa mpevu wavuvi hawaingii ziwani, msije mkanilaumu.

08:03 Neema Geti Jekundu: Niwekee sado moja

08:03 Baba Shani: Jamani tuheshimu mada.

08:05 Neema Geti Jekundu: Na mawese?

08:05 Mama Asha: Yapo mdogo wangu, yale ya rangi nzito.

08:09 Baba Shani: Neema umeshika dagaa na mawese, ya geti je?

10:34 Mwl. Kabura: Ndiyo natoka darasani. Baba Shani, kabla ya hela tuelewane kipimo. Nimepima kingo mbele ya geti langu kwa rula ya ubaoni, ni sentimita 15. Hivi vibati vya kuchomelea ambavyo watu mnaweka vina urefu wa sentimita 30 hivi. Maana yake kila ukienda mbili mbele unapanda moja. Gari iliyokaa chini, bampa linagusa bati kabla tairi halijaanza kupanda. Ukitaka mteremko wa moja kwa nane, ambao gari ndogo nyingi zinaumudu, unahitaji sentimita 120.

10:36 Mwl. Kabura: Sasa sentimita 120 ukizisukumia nje umeshakula barabara. Bodaboda akija usiku bila taa ni msiba. Dawa ni kushusha huku ndani: kingo ikatwe, ardhi ya getini ichongwe. Na pale juu, mteremko unapokutana na sakafu, pawe na mviringo. Pakiwa na pembe, bampa litapona lakini tumbo litakaa. Mwulizeni shemeji Kiza egzosi yake iko wapi.

10:40 Shemeji Kiza: Iko stoo

10:41 Dulla Bajaji: Innalillahi

10:44 Baba Shani: Mwalimu nakuheshimu, ila kukata kingo ya barabara ya serikali tutapigwa X nyekundu mpaka kwenye kuta.

10:52 Mwl. Kabura: Ndiyo maana nasema barua. Barabara za mitaa ziko TARURA, wakala wa serikali wa barabara za vijijini na mijini, tangu 2017. Tunaandika, mwenyekiti wa mtaa anagonga muhuri, inapelekwa. Tusianze kwa sururu. Kwa sasa ingieni kwa mshazari, tairi moja moja, kukwangua kutapungua.

10:53 Baba Shani: Geti langu futi kumi. Nikiingia mshazari natoka bila kioo.

10:58 Baba Shani: Kuna zile za mpira pia, nyeusi zenye mistari ya njano. Unatandika kwenye kingo, unapita. Kwa chini zina tundu, maji yanapita.

12:15 Mama Zuhura: Nimenyamaza toka asubuhi. Tundu la maji? Hata lile gunia mlisema maji yatapita. Friji yangu mpaka leo inanuka tope.

12:16 Baba Shani: Mama Zuhura, hilo si tulilimaliza msibani kwa marehemu mzee wa Kiza?

12:16 Mama Zuhura: Mlilimaliza nyie. Mimi nilikuwa jikoni nawapikia.

12:19 Mama Zuhura: Nyie wa juu mnaongelea bampa. Mimi huku chini naongelea maji. Kila kitu mnachotumbukiza mtaroni ili gari ipande, maji yakifika hapo yanaruka, yanashika njia, yanakuja sebuleni kwangu. Jana jioni nimepita na Zuhura tukikagua. Kwa Neema mawe. Kwa Baba Shani magunia ya mchanga, moja limeshapasuka. Kwa Dulla tairi la lori, na gari hana! Kwa mpangaji wa nyumba ya kona kuna mlango wa friji. Mlango wa friji jamani, na mpira wake bado upo.

12:20 Dulla Bajaji: Tairi lililetwa na maji, nimelihifadhi tu mwenyewe akija

12:22 Neema Geti Jekundu: 😂😂😂

12:22 Mama Zuhura: Cheka Neema. Mawe yako nimeyaona.

13:05 Fundi Hamisi: Habari za mchana mabosi. Samahani nilikuwa saiti Mlole. Niseme kidogo. Upande wa juu wa barabara hauna mtaro, ni kingo tu, pale hata hizo za mpira zinafaa, ila muwe mnazitoa na kufagia chini yake maana majani yanajaa. Upande wa chini wenye mtaro mpira hausaidii kitu, pale ni kivuko.

13:08 Fundi Hamisi: Baba Shani aliniambia bomba la inchi 4 juu zege. Mimi silishauri. Majani ya mwembe na chupa mbili za maji, limeziba, na kulizibua mpaka uvunje zege. Mimi nashauri slabu za vipande vipande, nondo za milimita 12, unene inchi 6, kila kipande kina vishikio viwili vya nondo. Mkitaka kusafisha, watu wanne wananyanyua, mnazoa tope, mnarudisha.

13:10 Neema Geti Jekundu: Fundi si bora bati la chuma nene, kazi ya siku moja?

13:13 Fundi Hamisi: Dada Neema, chuma utakikuta asubuhi? Wa chuma chakavu wanapita usiku. Na kikilowa kinateleza, na gari ikipita saa nane usiku mtaa mzima unajua nani karudi.

13:14 Dulla Bajaji: Hapo kwenye nani karudi saa nane, Kiza ana swali

13:15 Shemeji Kiza: Mimi sina swali

13:20 Baba Shani: Tusitoke nje ya mada. Fundi, zege linachukua muda gani?

13:24 Fundi Hamisi: Ratio moja mbili nne, saruji, mchanga, kokoto. Wiki ya kwanza mnamwagilia asubuhi na jioni, hata baiskeli sitaki ipite. Gari nipeni siku 28.

13:25 Baba Shani: Siku 28 gari ilale wapi?

13:26 Dulla Bajaji: Kwa Mama Zuhura, sebule imeshazoea vitu kuingia 😂😂

13:26 Neema Geti Jekundu: Dulla!!

13:41 Dulla Bajaji: Utani tu mama yangu

15:02 Shemeji Kiza: Halafu mimi niko upande wa juu. Nina kingo tu. Kwa nini nilipe 60 sawa na mwenye mtaro?

15:03 Baba Shani: Kwa sababu ni umoja.

15:04 Shemeji Kiza: Umoja wa kulipa

16:20 Mpangaji Kona: Samahani, ndio naona. Ule mlango ni wa muda tu. Kuhusu mchango, nyumba si yangu, mwenye nyumba yuko Dar, mpigieni. Mimi naogopa kumpigia maana na kodi inakaribia.

17:50 Mzee Bakari Reli: [ujumbe wa sauti, 0:04]

17:50 Mzee Bakari Reli: [ujumbe wa sauti, 0:02]

17:51 Neema Geti Jekundu: Shikamoo babu, haisikiki, ni upepo tu

17:58 Mzee Bakari Reli: Shikamooni. Ni Shufaa naandika kwa niaba ya babu, anashika simu kwa kufunika kipaza. Amesema niandike anavyosema nisipunguze neno.

18:06 Mzee Bakari Reli: Habari zenu. Nimefanya kazi gengi la reli mpaka nikastaafu. Kila mwaka kabla ya mvua tulifukua makalavati kwanza, kazi nyingine zilingoje. Hapa nimesomewa kikao cha kutwa nzima cha bampa. Siku ile Mama Zuhura analia barabarani na godoro kichwani nilikuwa hapa barazani, na maji nayajua yalikotokea. Baba Shani, marehemu baba yako alikuwa rafiki yangu, ningekuita tukaongea wawili, lakini umeyaleta kwenye kikundi basi nakujibu kwenye kikundi. Magunia yatoke kesho. Usinitajie Jumamosi. Mawe ya Neema kesho. Tairi kesho. Na huo mlango. Mimi gari sina wala sitanunua, ila elfu sitini ninayo, iko chini ya mto. Nitaitoa mtaro ukiwa mtupu mpaka chini kwa Mama Zuhura. Na huyo aliyeweka kibati mbele ya njia yangu ya msikitini bila kuniuliza, mkongojo wangu umenasa pale mara ngapi, anajijua.

18:07 Mzee Bakari Reli: Amemaliza. Anakula.

18:49 Baba Shani: Shikamoo mzee wangu. Nimekusikia.

18:50 Neema Geti Jekundu: Shikamoo babu. Mawe nitayatoa

18:50 Dulla Bajaji: Shikamoo babu. Tairi linaondoka usiku huu huu

18:52 Shemeji Kiza: Ujumbe huu umefutwa

18:53 Dulla Bajaji: Kiza tumeuona

18:58 Mwl. Kabura: Shikamoo mzee. Barua naiandika leo. Nahitaji sahihi za wenye mageti wote na mtu wa kuipeleka kwa mwenyekiti wa mtaa. Mimi niko na mitihani. Nani anaenda?

19:30 Mama Zuhura: Asante baba. Mungu akuweke.

21:15 Mwl. Kabura: Nani anaenda?

ALHAMISI

05:58 Baba Shani: [picha] Magunia hayo yametoka, msije mkasema.

06:04 Mama Zuhura: Umeyaweka wapi?

06:04 Baba Shani: Pembeni.

06:05 Mama Zuhura: Pembeni ya mtaro? Mvua ya kwanza si inayarudisha?

06:05 Baba Shani: Mama Zuhura nimetoka kuinama saa kumi na moja alfajiri na mgongo huu, acha basi.

06:06 Mama Zuhura: Na mimi niliinama wiki nzima nikizoa tope.

06:20 Baba Shani: MCHANGO WA VIVUKO (nakili, ongeza jina, usifute ya mwenzako)
1. Baba Shani 60,000 ametoa
2. Mwl. Kabura 30,000, nusu bado
3. Mzee Bakari, ahadi yenye masharti
4. Neema, mwisho wa mwezi
5. Kiza
6.

06:48 Mama Asha: MCHANGO WA VIVUKO (nakili, ongeza jina, usifute ya mwenzako)
1. Baba Shani 60,000 ametoa
2. Mwl. Kabura 30,000, nusu bado
3. Mzee Bakari, ahadi yenye masharti
4. Neema, mwisho wa mwezi (na sado ya dagaa jana hajalipa)
5. Kiza
6. Mama Asha 20,000, nyingine mwezi ukifa

06:50 Neema Geti Jekundu: Mama Asha jamani, hapa tena?

07:10 Mama Zuhura: Baba Shani, hiyo 60 yako umempa nani?

07:12 Baba Shani: Ninayo mimi. Mimi ndiye mwekahazina.

07:12 Mama Zuhura: Nani alikuchagua?

07:15 Dulla Bajaji: Alijichagua kwa kauli moja 😂

07:33 Mwl. Kabura: Hela zikae kwa Mzee Bakari. Naona ndiyo salama. Na kazi isianze kabla barua haijajibiwa.

07:34 Baba Shani: Mwalimu, mvua itasubiri barua?

09:17 Fundi Hamisi: Mabosi habari. Lori la kokoto na mchanga lipo hapa kona. Zinashushwa kwa nani?

09:17 Baba Shani: Kwangu.

09:17 Mama Zuhura: Sio kwake. Na zisikae karibu na mtaro.

09:19 Mwl. Kabura: Fundi nani alikuagiza kuleta?

09:20 Fundi Hamisi: Baba Shani, jana usiku

09:21 Shemeji Kiza: Zisishushwe kwangu, natoka sasa hivi na gari

09:24 Fundi Hamisi: Dereva anasema anawapa dakika kumi halafu anaondoka na mzigo wake

09:31 Mpangaji Kona: Huo mlango wa friji nimeutoa. Kuna mtu anauhitaji?