Mjadala: Vibali vya kuingiza vileo Zanzibar vibaki mikononi mwa wachache?

Ndugu zangu, najua hoja hii itawakera baadhi yenu, kwa hiyo nautaja msimamo wangu mapema: waagizaji wa vileo Unguja waongezwe, na vibali vitolewe kwa masharti yanayojulikana na kila mwombaji.

Mnakumbuka Januari 2024. Waagizaji wazoefu hawakuongezewa muda wa vibali vyao, wakapewa waagizaji wapya ambao mzigo wao haukutosha. Bia ikaadimika, bei ikakaribia kupanda maradufu, na katikati ya sokomoko hilo Waziri wa Utalii, Simai Mohammed Said, akajiuzulu akitaja mazingira yasiyo rafiki ya kazi. Hoteli yenye ghala lake huweza kustahimili hali kama hiyo wiki kadhaa. Mgahawa wa meza nane pale Paje, unaonunua kreti leo ili uuze kesho, hauwezi.

Wapinzani wana hoja nzito: kisiwa ni cha Waislamu, pombe ikiadimika ni heri. Naiheshimu, na mimi mwenyewe sinywi. Ila sheria imekwisha kuiruhusu kwenye hoteli na maeneo ya watalii, na serikali inakusanya kodi yake. Kinachobaki kubishaniwa ni nani afaidike kwa kuileta.

Watu wakiona bili ya mtalii hudhani mwenye mgahawa anachuma tu. Jamani, ingieni jikoni. Mbatata na vitunguu vinavuka bahari kutoka Bara, gesi na mafuta ya kupikia vivyo hivyo. Pweza anavuliwa hapahapa, lakini anagombewa na kila hoteli ya pwani. Umeme nao unapita chini ya bahari. Wakongwe wa biashara hii hawajasahau mwisho wa 2009, waya ulipoharibika na Unguja ikakaa gizani takriban miezi mitatu, majenereta yakinguruma usiku kucha. Ukishatoa yote hayo, sahani ya chakula inaacha kidogo sana. Kinywaji ndicho kinacholipa mishahara.

Halafu inakuja masika. Aprili na Mei wageni hupungua, wengi hufunga milango, lakini mwenye jengo anataka pango lake palepale. Wahudumu huambiwa wapumzike bila malipo hadi msimu urudi, na wengi wao ni vijana wetu wenye wazazi wa kulisha Makunduchi na Pemba. Mwenye mgahawa akiwa ameingia masika bila akiba kwa sababu ya bei za muagizaji asiye na mshindani, hao vijana hawaitwi tena.

Sasa nawauliza mnaotaka wabaki wachache: kama lengo ni udhibiti, waagizaji kumi wenye leseni, wanaokaguliwa bandarini, watadhibitiwa vibaya kuliko watatu kwa namna gani? Na wenye migahawa mliomo humu, tajeni kreti mnanunua kwa bei gani leo.