Wino wa magome na misumari: naweza kuujaza kwenye kalamu ya babu?

Dada wa Nguba:
Wandugu, jambo. Niko hapa Bukavu, na siku hizi najitengenezea wino. Wa dukani ni wa kutafuta sana, na ukiupata bei inauma. Nachemsha magome ya mikaliptusi, naacha yapoe, nachanganya na vinegre niliyolowekea misumari mpaka ikashika kutu. Mstari unatoka kijivu hafifu, karibu usiusome. Unaendelea na kazi zako, ukirudi umekuwa mweusi kabisa! Sichoki kuutazama.

Mpaka sasa naandikia kalamu ya kuchovya. Lakini babu aliniachia kalamu ya wino, ncha yake ya chuma, na nina hamu ya kuijaza wino wangu huu. Huwa natia gundi ya mshita kidogo usitawanyike kwenye karatasi. Nijaze? Halafu chupa zangu zote zinaota ukungu juu. Maji natumia ya ziwa.

Papa Stilo, Ibanda:
Usijaze, binti yangu. Tafadhali sana.

Igeuze kalamu hiyo utazame chini ya ncha: kuna kipande cheusi chenye mifereji myembamba kama unywele. Wino unapita humo wenyewe, hakuna kinachousukuma. Gundi ikikauka humo ndani, njia imefungwa. Huo weusi unaoupenda ni chuma na maji ya gome vikikutana na hewa, vinageuka chembe zisizoyeyuka tena. Kwenye karatasi ni uzuri, ndani ya kalamu ni tope. Na vinegre itaanza kuila ncha yako ya chuma polepole.

Yaya wa Kadutu:
Mimi natumia masizi ya taa na gundi, weusi wake haupauki hata juani. Jaribu huo, mdogo wangu.

Papa Stilo, Ibanda:
Yaya, kwa kuchovya huo hauna mpinzani. Lakini masizi ni unga, hayayeyuki, yanaelea tu. Kwenye kalamu ya kujaza yataziba upesi kuliko huo wa misumari.

Mwalimu wa Kemia, Bagira:
Dada, anza na maji. Maji ya Ziwa Kivu yana hali ya magadi, pH yake (kipimo cha uchachu na umagadi) karibu na uso wa ziwa inakaribia 9. Chuma hakipendi maji ya namna hiyo, kinaganda na kushuka chini. Jaribu kuloweka maua ya bisapu (rozela) ndani yake: wekundu unapotea mbele ya macho yako, maji yanaelekea buluu. Tafuta maji yaliyotoneshwa, yaani mvuke uliopozwa ukawa maji tena.

Ukungu unakula sukari na gundi iliyomo. Tengeneza kidogo kidogo, chemsha chupa kwanza, loweka karafuu chache nzima halafu uzichuje. Ukishaona ukungu, mwaga wote. Kuutoa kwa kijiko hakusaidii, mizizi imebaki ndani.

Na kabla ya kujaza wino wowote, fanya hivi: tone moja juu ya kioo, likauke hadi kesho, kisha litonee maji. Likiyeyuka na kioo kikabaki safi, unaweza kufikiria kalamu. Likibaki gamba, ni wa kuchovya.

Dada wa Nguba:
Aksanti sana Papa, aksanti Mwalimu. Nimeelewa. Sasa hakuna hata mmoja wa kwangu ninaoweza kujaza?

Mwalimu wa Kemia, Bagira:
Jaribu mbegu za avoka peke yake. Bila misumari, bila gundi. Zikatekate, zichemshe kwa moto mdogo mpaka maji yawe mekundu ya kahawia. Chuja kwa kitambaa, tena kwa pamba, yaache yalale usiku kucha, kisha vuta ya juu tu kwa sindano bila kugusa chini. Fanya jaribio la kioo. Kama utapita, anza na kalamu ya bei ndogo, si ya babu. Andika nayo kila siku, usiiache imelala na wino, na kila wiki ioshe kwa maji ya uvuguvugu. Rangi itapauka na mwanga, kwa hiyo barua na daftari sawa, karatasi za ofisi hapana.

Papa Stilo, Ibanda:
Naongeza: kama kuna siku uliichovya ya babu kwenye ule wa misumari, ioshe kwa maji yenye vitamini C ya famasi isiyo na rangi. Yanalegeza mabaki ya chuma. Kisha maji matupu, mara nyingi.

Fundi wa Essence:
Maji yaliyotoneshwa yapo kwa mafundi wa magari, ni yale ya kuongezea betri. Ila dada, soma chupa vizuri kabla ya kulipa. Maji na asidi ya betri mara nyingine vinakaa kwenye rafu moja, na asidi hiyo inachoma ngozi na macho. Kama chupa haina karatasi ya jina, usinunue.