MJADALA: Sanamu za ukumbi wa Makumbusho ya Afrika, Tervuren (Ubelgiji), zibaki ukutani au ziondolewe?

Mleta mada

Wakuu, naomba tulijadili hili kwa hoja. Tervuren ni manispaa iliyo nje kidogo ya Brussels, upande wa Waflemi, na lugha yake rasmi ni Kiholanzi. Tramu namba 44 inapita msituni na kukushusha karibu na bustani ya kifalme. Wenyeji wana historia ndefu: watawala wa Brabant walikuwa na kasri pale, na kanisa dogo la Mtakatifu Hubert, la 1617, bado limesimama. Ila wageni wengi hufuata Makumbusho ya Afrika, jumba lililochorwa na Charles Girault na kufunguliwa 1910. Fedha za kulijenga zilitoka Kongo, wakati ilipokuwa mali ya Leopold wa Pili, mfalme wa Ubelgiji.

Kwenye kuta za ukumbi wa kuba mle ndani kuna sanamu za rangi ya dhahabu za Arsène Matton. Moja inamwonyesha Ubelgiji akiipelekea Kongo ustaarabu. Nyingine inaitwa Utumwa: Mwarabu anamkamata mwanamke Mwafrika, mumewe yuko chini anakanyagwa. Makumbusho yalifungwa kwa ukarabati mwishoni mwa 2013, yakafunguliwa tena Desemba 2018, na sanamu zikabaki palepale. Sababu iliyotolewa ni kwamba jengo linalindwa kisheria kama urithi, na sanamu ni sehemu ya jengo. Badala yake ukumbi uliwekewa sanamu kubwa ya mbao ya msanii wa Kongo, Aimé Mpane. Mwaka 2020 yeye na msanii wa Ubelgiji, Jean-Pierre Müller, wakatundika vitambaa vyepesi vyenye picha mbele ya sanamu 16, hivyo unaona sanamu na picha kwa pamoja.

Nimeiheshimu kazi yao, lakini msimamo wangu ni kwamba sanamu zitoke. Ile ya Utumwa hasa inatuhusu sisi wa pwani. Inamwambia mtazamaji kwamba Ubelgiji ilikwenda Kongo kumfukuza Mwarabu. Februari 1887, Unguja, ni Leopold huyohuyo, kupitia mpelelezi Stanley, aliyemwajiri Tippu Tip, mfanyabiashara wa Unguja wa pembe na watumwa, kuwa liwali wa Stanley Falls (Kisangani ya leo) kwa mshahara wa pauni 30 kwa mwezi! Vita dhidi ya wafanyabiashara wa pwani vilikuja 1892 hadi 1894, wakati pembe za ndovu na ardhi ya mashariki vilishagombaniwa. Mwajiri wa jana amejichonga kuwa mkombozi, na sheria inamlinda.

Mchangiaji, Maniema

Mkuu, hapo kwenye mkataba wa 1887 umesema kweli tupu. Lakini usituruke sisi wa Maniema, mashariki ya Kongo. Kasongo na Nyangwe zilikuwa vituo vya misafara ile, na watu walichukuliwa kwelikweli. Wazee wetu hawakusimuliwa utumwa na Matton. Nasikia uchungu ninapoona ndugu wa pwani wanaihesabu sanamu hiyo kuwa uongo mtupu, kana kwamba wanataka iondoke ili na jina la babu zao litakate.

La pili, ukiziondoa, mtoto wa Kibelgiji ataingia kwenye ukumbi msafi wa marumaru, apige picha, aondoke. Leo angalau anauliza, "Huyu kwa nini amefunikwa?" Mimi nasema zibaki na vitambaa vyake. Nguvu zetu ziende kwa wale Wakongo saba waliofia Tervuren.

Mleta mada

Ndugu yangu, hilo la Maniema nalipokea, na sitaki litakatishwe na mtu yeyote. Ila lisimuliwe na Maniema yenyewe, siyo na ukuta wa mfalme aliyemlipa mshahara mwenye misafara. Sijasema zivunjwe. Makumbusho tayari yana chumba cha sanamu zilizotolewa kwenye maonyesho, imo na ile ya Paul Wissaert ya mtu-chui, muuaji aliyevaa ngozi ya chui. Za Matton zipelekwe humo na mkataba wa 1887 usomeke pembeni.

Kuhusu wale saba, kwa wasiojua: mwaka 1897 Wakongo 267 walipelekwa kwenye maonyesho, wengi wao wakawekwa Tervuren katika vijiji vya kuigiza ili watazamwe. Saba walifia huko: Ekia, Gemba, Kitukwa, Mpeia, Zao, Samba na Mibange. Makaburi yao yako kando ya kanisa la Mtakatifu Yohane Mwinjili, katikati ya mji. Ndani ya makumbusho upo ukuta wenye majina 1,508 ya Wabelgiji waliofia Kongo. Msanii wa Kongo, Freddy Tsimba, aliyaandika majina ya wale saba kwenye vioo vya madirisha, jua likiwaka kivuli chake kinaangukia ukuta huo. Siku ya mawingu huwaoni. Wabelgiji wamechongwa kwenye jiwe, Wakongo wanategemea hali ya hewa, na bado tunaambiwa ukumbi ni urithi usioguswa! Ulinzi wa majengo ya kihistoria uko mikononi mwa serikali ya Flanders, jimbo la Waflemi. Waliouandika wanaweza kuuandika upya.

Mchangiaji, Maniema

Basi tukutane hapa. Utumwa iondoke, nakubali, kwa sababu ya ule mshahara. Ile ya ustaarabu ibaki, maana upande wa pili wa ukumbi Mpane ameweka sanamu ya fuvu la Chifu Lusinga, aliyekatwa kichwa na askari wa Émile Storms, ofisa wa Kibelgiji, Desemba 1884, kwenye Ziwa Tanganyika. Storms alifika huko kwa njia ya Unguja na Karema, Tanzania ya leo. Sanamu ya ustaarabu ikiondoka, fuvu lile litakuwa linamtazama nani?

Na watu wa Karema nao waje hapa waseme. Sijawasikia.