Vidaka vya Bibi

Kikundi: Ukoo wa Mikindani

Fadhila: Asalaam aleikum wanafamilia. Shikamooni wakubwa. Fundi ameshafika, mifuko ya saruji iko barazani. Anasema kesho asubuhi anaanza na ukuta wa sebuleni, na vidaka vyote, vile vishimo vya ukutani Bibi anamowekea vitu vyake, anaviziba ili ukuta unyooke. Bibi hajasema kitu, ila tangu adhuhuri anatoa vitu vyake kimoja kimoja na kuvipanga kitandani. Nimeona niwajulishe.

[Picha tatu]

Rashidi: Waaleikum salaam. Fundi nimemtuma mimi. Hela ya korosho imeingia, nikasema mwaka huu tumtengenezee Bibi nyumba. Tunapiga plasta, tunapaka rangi, halafu nimeshalipia kabati la vioo Mtwara mjini, lile lenye taa ndani. Vitu vyake vitakaa humo, vumbi halivigusi.

Mama Mkubwa Somoe: Waaleikum salaam. Rashidi mwanangu, Mungu akuzidishie kwa kumkumbuka bibi yako. Ila huyo fundi asiguse kidaka hata kimoja. Fadhila, mwambie asubiri.

Rashidi: Shikamoo Mama. Kwani kuna ubaya gani? Vidaka vyenyewe vinabomoka, mchanga unaangukia vikombe.

Mama Mkubwa Somoe: Marahaba. Vinabomoka kwa sababu aliyeziba nyufa mara ya mwisho alitumia saruji. Nyumba ile ni ya mawe ya matumbawe na chokaa. Ukuta wa chokaa unapumua. Maji ya masika yanaingia na yanatoka. Ukiukandika saruji maji yanakosa njia, chumvi inajaa kwa ndani, na mvua zikipita plasta inabanduka pamoja na jiwe lake. Mwambie Fadhila akupigie picha ukuta wa upande wa choo.

Fadhila: Kweli kaka. Pale palipozibwa na saruji pamevimba. Ukigonga unasikia patupu. Palipobaki chokaa ya zamani pako vilevile.

Mjomba Dadi: Asalaam aleikum. Nilikuwa shambani, ndiyo natoka kusoma yote. Dada Somoe amesema kweli. Niongeze kwamba vidaka si mashimo ya urembo tu. Ndiyo rafu za nyumba za mawe pwani yote. Ukienda Songo Mnara na Kilwa Kisiwani utaviona kutani mwa nyumba zilizobaki magofu. Ibn Battuta alipofika Kilwa mwaka 1331 mji ulikuwa umesimama, na vyombo vya China na Uajemi vilikuwa vinaletwa na majahazi ya pepo za kusi na kaskazi. Watu walikuwa na vya kuweka. Mahali hapo pamekuwa Urithi wa Dunia tangu 1981. Sisi tunacho kidaka sebuleni kwa mama yetu halafu tukizibe?

Saidi: Shikamoo Mjomba. Hapo kwenye vyombo vya China nataka kuuliza. Niko Kilwa Masoko. Kuna mtoto wa jirani ameokota kigae ufukweni kule Kisiwani, rangi ya kijani kama majani mabichi, kinang'aa. Anataka kunipa nimletee Bibi akiweke na vitu vyake.

Mjomba Dadi: Marahaba Saidi. Usikipokee. Mwambie akirudishe palepale alipokiokota, au akipeleke kwa watu wa mambo ya kale hapo Masoko. Sheria ya mwaka 1964 inalinda vitu hivyo, na kitu chochote kilichotengenezwa kabla ya 1863 kinahesabika ni cha kale. Isitoshe, kigae kikilala pale kilipo, wataalamu wanajua nyumba ile ilikula kwenye nini. Kikija Mikindani hakisemi kitu.

Saidi: Nimekuelewa Mjomba. Nitamwambia.

Rashidi: Sawa, nimeelewa habari ya ukuta. Lakini vitu vyenyewe jamani. Nikiangalia hizo picha naona sahani imepasuka, taa haiwaki, redio haiongei. Kwenye kabati ningeweka vile vizuri: vikombe vya harusi na ule mchongo wa mpingo. Tena kuna mtu Dar nimemwonyesha picha ya ule mpingo, anautaka kwa bei nzuri tu. Na nilikuwa natafuta lipiko, kile kinyago cha kuvaliwa, la kuweka katikati, kuonyesha kwamba sisi ni Wamakonde.

Mama Mkubwa Somoe: Rashidi. Hiyo sahani iliyopasuka unaijua?

Rashidi: Sahani nyeupe tu.

Mama Mkubwa Somoe: Ni sahani ya kombe. Ulipokuwa mdogo ulipata homa, mwili ukawa unakukamata usiku. Mama yako alikuwa mgonjwa pia, hana nguvu. Dawa za hospitali ulikuwa unapewa, na bibi yako akamwita mwalimu wa chuoni. Akaandika aya kwa zafarani kwenye sahani hiyohiyo, akaisuuza kwa maji na marashi, ukanyweshwa. Mimi ndiye niliyekushika kichwa. Fadhila, igeuze kidogo kwenye mwanga utupigie picha karibu.

[Picha]

Fadhila: Naona. Kwenye ule ufa kuna rangi ya manjano imeingia ndani, haitoki. Bibi anasema amewahi kuisugua kwa jivu, haikutoka, akaiacha.

Rashidi: Sikujua hilo Mama. Wallahi sikujua.

Mama Mkubwa Somoe: Ungejuaje baba, hukuambiwa. Wamepona wengi kwenye sahani ile, na wawili hawakupona, Mungu awarehemu. Kila akiitazama anawataja. Sasa ukiisukuma kwenye boksi kwa kuwa ina ufa, atawatajia wapi?

Mjomba Dadi: Na lipiko, Rashidi, hilo lifute kabisa. Lipiko si pambo la sebuleni. Linavaliwa na mchezaji, lina siku yake na watu wake, na likishachezwa linarudishwa linakokaa. Mengine hayasemwi hapa mbele ya kina mama na watoto, tukionana nitakueleza. Ila hili ni la wazi: mwaka 1984 liliibwa lipiko kwenye Makumbusho ya Taifa pale Dar es Salaam. Likaja kuonekana kwenye jumba la makumbusho la watu binafsi Geneva, Uswisi. Likarudishwa nyumbani mwaka 2010. Miaka yote hiyo watu wanadai kitu kimoja cha mti! Wewe unataka kununua jingine barabarani, hujui limetoka mkononi mwa nani.

Rashidi: Nimekusikia Mjomba. Nalifuta.

Salma (Lindi): Shikamooni wote. Mimi nauliza habari ya ule mpingo. Je, ni mpingo kweli? Maana siku hizi wanachonga mti wowote wanapaka rangi ya viatu.

Mjomba Dadi: Marahaba Salma. Ni mpingo. Ulichongwa na ndugu yetu wa Newala, mti alioukata mwenyewe. Fadhila aunyanyue kwa mkono mmoja atuambie.

Fadhila: Siwezi Mjomba. Mzito, nimeukumbatia kwa mikono miwili. Nimefuta na pamba yenye maji, pamba imebaki nyeupe. Na huku nyuma mchongaji ameacha ukanda wa rangi ya maziwa, ile sehemu ya nje ya mti, unapanda kutoka chini mpaka begani kwa mtu wa juu.

Mjomba Dadi: Ndiyo wenyewe. Mpingo ukiutia majini unazama. Mti huo unakua polepole sana, mtu anapanda na atakayevuna ni kitukuu. Wazungu wanautaka kwa zumari zao, klarineti na obo, na kule Kilwa vijiji vimejipanga kulinda misitu yao ili waukate kwa mpango na hela ibaki kijijini. Sasa angalia uchongaji wenyewe. Watu wamebebana, kila mmoja ameshika mguu au bega la mwenzake. Wote wametoka kwenye gogo moja, hakuna kiungo kilichogundishwa. Chini kabisa ni mwanamke. Ndugu yetu alipoleta alisema huyo wa chini ni mama yetu, yaani Bibi yenu.

Salma (Lindi): Subhanallah.

Rashidi: Basi yule wa Dar namwambia hauuzwi. Namwandikia sasa hivi.

Mama Mkubwa Somoe: Ahsante mwanangu. Fadhila, usiuweke dirishani. Jua la alasiri linaupasua. Bibi anaupaka mafuta ya nazi kidogo kwa kitambaa, wewe endelea hivyo.

Saidi: Na hiyo taa yenye vioo viwili je? Mimi siku zote nilidhani ni ya chombo cha baharini.

Fadhila: Ngoja, Bibi yuko hapa anasikiliza, nilikuwa namsomea. Anasema hilo atasema mwenyewe. Atarekodi halafu nitaandika kwa ajili ya wasio na bando la kutosha.

[Ujumbe wa sauti]

Fadhila: Haya, maneno ya Bibi kama alivyosema:

"Hamjambo wanangu. Hiyo kandili ni ya babu yenu. Alikuwa gadi wa treni, Mtwara kwenda Nachingwea. Reli waliileta Waingereza kwa ajili ya karanga zao. Karanga zikawashinda, reli ikabaki inabeba watu na korosho. Kioo chekundu ni simama, cha kijani ni nenda. Mimi nikiwa mwali nilikuwa namsubiri stesheni na chakula, ming'oko na pweza, naiona ile ya kijani inakuja gizani, najua ndiye. Reli ikafungwa, wakaing'oa vyuma vyote wakaondoka navyo. Yeye akarudi na kandili. Akalima mikorosho mpaka kufa kwake. Hiyo mikorosho ndiyo imekupa hela Rashidi."

[Ujumbe wa sauti]

"La pili. Mimi sijafa. Nasikia huyu anataka hiki, yule anataka kile. Msinigawie vitu nikiwa na macho. Vikombe vya harusi nilivificha miaka mingi nikingoja mgeni mkubwa. Mgeni gani zaidi ya nyinyi? Mkija Idi tutanywea chai. Kikivunjika kimevunjika. Na chetezo kisiwekwe ndani ya kioo, kila Alhamisi magharibi nafukiza udi, nitakuwa nafungua kabati nafunga, nafungua nafunga? Kidaka hakina mlango. Napeleka mkono hata gizani nakijua."

Mjomba Dadi: Umesikika mama. Shikamoo.

Rashidi: Shikamoo Bibi. Nisamehe kwa kukufanya uanze kubeba vitu peke yako. Sikutaka uondoke kwenye mambo yako, nilitaka upate raha.

Fadhila: Bibi anasema marahaba, na anasema raha ameipata, umempigia simu kila siku wiki hii. Anauliza lile kabati hela imerudi?

Rashidi: Hairudi Bibi. Lilishatengenezwa.

Fadhila: Anasema basi lije. Ataweka makaratasi ya chama cha msingi, kadi ya bima, dawa za presha na kanga zake za kutolea. Anasema panya wamemsumbua sana kwenye makaratasi. Likae chumbani, si sebuleni.

Mama Mkubwa Somoe: Mama amemaliza. Sasa kazi. Kuna mzee wa Mikindani hapo jirani na msikiti anajua kazi ya chokaa, ndiye aliyetengeneza baraza ya kina Bi Zaituni. Chokaa tunanunua ya mifuko, hatutaki mtu akachome matumbawe ya bahari. Iloweshwe pipani mapema, isitumike ikiwa moto. Mchanga uwe wa mtoni. Wa ufukweni una chumvi, tutarudi kulekule.

Mjomba Dadi: Mchanga nalipa mimi na gari lake.

Rashidi: Chokaa na ufundi juu yangu. Huyu fundi wa saruji nimlipe siku yake aondoke?

Mama Mkubwa Somoe: Mlipe, na usimwondoe. Sakafu ya bafu imechimbika na Bibi anateleza. Hiyo mifuko ya saruji aitumie huko, aiache na mikwaruzo isiwe laini.

Salma (Lindi): Mimi ninakuja Ijumaa na simu yenye nafasi. Nitakaa na Bibi tupige picha kitu kimoja kimoja na yeye aseme kimetoka kwa nani. Sijui habari ya redio wala zile kete kwenye kikapu cha ukindu.

Fadhila: Kete ni za bao la Babu. Zimepungua, moja Bibi anasema aliimeza Saidi.

Saidi: Kweli hiyo, hata mama alikuwa akiniambia. Nitaleta nyingine kutoka huku, Mjomba, hizo kauri za ufukweni zilizokufa zenyewe zinaruhusiwa?

Mjomba Dadi: Uliza wahusika hapo kwanza. Wakikataa, Babu yenu alikuwa akichezea hata mbegu za komwe za porini.

Mama Mkubwa Somoe: Fadhila, mwambie Bibi avirudishe vitu vidakani leo alale kitandani kwake vizuri. Fundi wa chokaa akija tutavitoa kidaka kimoja kimoja, na kila kitu kirudi kilipokuwa. Piga picha kabla hajavigusa.

Fadhila: Sawa Mama. Picha ninazo. Anauliza mwenye kuleta chokaa anakuja lini, ili aandae chakula.

Rashidi: Jumamosi, gari la asubuhi. Niko nalo mwenyewe.