Msaada wa Korona kwa wafugaji wa Marekani: kuchelewa siku moja, dola 181 kwa kila ng'ombe zimeyeyuka

Wakuu, acheni kutuimbia kwamba wakulima wa Marekani walimwagiwa hela za Korona na kila mtu akashiba. Chukueni kalamu tupige hesabu.

Aprili 2020 ulitangazwa mpango wa CFAP, yaani msaada wa serikali ya Marekani kwa wakulima walioumizwa na Korona, dola bilioni 16 za kuwalipa wakulima na wafugaji moja kwa moja. Zilitoka mifuko miwili: bilioni 9.5 za sheria ya CARES (sheria ya msaada wa Korona), kufidia hasara hadi 15 Aprili, na bilioni 6.5 za CCC (shirika la serikali la mikopo ya mazao) kwa hasara ya baada ya hapo. Kila mfuko na kiwango chake. Hapo ndipo mfugaji alipopigwa.

Ng'ombe aliyenenepeshwa na kuuzwa kwa ajili ya kuchinjwa kati ya 15 Januari na 15 Aprili: dola 214. Ng'ombe huyo huyo akikutwa bado zizini 16 Aprili: dola 33! Aliyeuza ng'ombe 100 tarehe 15 alihesabiwa 21,400. Jirani ambaye lori lake lilichelewa siku moja, 3,300. Na hata hizo hakupewa zote, alianza na asilimia 80, nyingine zikazuiliwa mpaka Agosti.

Msiniambie ni uzembe wake. Kiwanda cha nyama cha Greeley, Colorado, kilifungwa katikati ya Aprili hiyo hiyo. Cha Dakota City, Nebraska, kikasimama mwanzoni mwa Mei. Ng'ombe aliyekwisha kufikia uzito hasubiri bure: anakula kila siku, anarundika mafuta, na akizidi uzito mnunuzi anakata bei. Kwa hiyo machinjio yalizidi kukwama baada ya tarehe 15, wakati malipo manono yaliishia tarehe 15. Aliyepanga hivi aliwahi kulisha ng'ombe kweli?

Mtasema walirekebisha. Ndiyo, Septemba ikaja CFAP 2 na dola 55 kwa ng'ombe, ila wale wa kuzalisha wakaachwa nje. Mwaka 2021 wakaongeza dola 63 kwa kila ng'ombe wa kuchinjwa aliyekuwa amebaki zizini. Jumlisha 33, 55 na 63 upate 151. Bado haifiki 214, na riba ya benki haikusimama kusubiri. Halafu aliyelipwa 214, kama aliingiza ng'ombe wengine kabla ya mwisho wa Agosti, naye alidai 55 juu yao.

Ofisi za kaunti za wizara ya kilimo, zilizopokea maombi, nazo milango ilikuwa imefungwa, miadi kwa simu. Fomu yenyewe, AD-3114, haikuwa ngumu, idadi uliitaja mwenyewe. Lakini kama hukuwahi kuwa kwenye kumbukumbu zao, kulikuwa na fomu nyingine: AD-2047 ya taarifa zako, CCC-941 ya kipato, AD-1026 ya ardhi na SF-3881 ya akaunti ya benki. Mkubwa aliyezoea ruzuku, hizo zilikuwa kwenye faili siku nyingi. Tena ukomo wa malipo ulikuwa dola 250,000 kwa mtu, ila kampuni yenye wanachama watatu, kila mmoja akiwa na saa 400 za kazi au usimamizi, ilifika 750,000.

Na mfuga kuku wa mkataba? Banda lake, mkopo wake, umeme wake, lakini kuku walikuwa wa kampuni, basi 2020 nzima mpango haukumtambua.

Mwenye hesabu tofauti aiweke hapa, na viwango vyake. Porojo sitaki.