Usaili wa uhandisi Google: nitaongeaje huku nafikiri?

FundiSeva

Wakuu, habari za jioni.

Mtu wa ajira wa Google alinitafuta kuhusu nafasi ya mhandisi wa programu, ofisi ya Zürich. Simu ya kwanza ilikuwa ya kufahamiana tu, ikaisha salama. Sasa nina usaili wa kiufundi kwa video, dakika 45, na nikivuka hapo kuna mingine.

Kazi yangu ni seva za malipo hapa Dar, Java (lugha ya programu) na PostgreSQL (hifadhidata) kutwa. Maswali ya algorithimu, yaani hatua za kutatua tatizo kwa kompyuta, nayaweza nikiwa peke yangu usiku, watu wamelala. Shida ni kwamba hawa wanataka uongee huku unatatua. Nilimwomba mshikaji ajifanye msaili. Nikaandika kimyakimya, nikamwonyesha jibu, na jibu lilikuwa sahihi. Akasema, "Nimekaa hapa kama namwangalia mtu anacheza bao peke yake."

Sasa sisi wengine tumelelewa hivi: mbele ya mkubwa unatulia, unajibu ukiulizwa. Aliyepita huko anisaidie. Halafu Kiingereza changu ni cha barua pepe za kazini, si cha kupiga soga.

MzeeWaLinux

Hongera mkuu. Ila tusidanganyane, hizo sarakasi hazipimi kazi. Max Howell, aliyeanzisha Homebrew, ile programu ya kusakinisha programu nyingine kwenye Mac, aliandika mwaka 2015 kwamba Google walimkataa kwa kushindwa kugeuza mti wa jozi (binary tree, data iliyopangwa kama matawi) ubaoni, na huku wahandisi wao wanaitumia programu yake. Zamani kulikuwa na vitendawili vya mipira ya gofu mingapi inajaa kwenye basi, mpaka Laszlo Bock, aliyekuwa bosi wao wa rasilimali watu, akasema hadharani 2013 kuwa ni kupoteza muda. Nenda, lakini wakikukataa usijidharau.

BintiTanga

Mzee, kwenye vitendawili nakuunga mkono. Lakini huyu ndugu ana usaili, hana mdahalo.

Kaka FundiSeva, nimewahi kuwa msaili kwenye kampuni moja kubwa huku Ulaya, kwa hiyo nakueleza kinachoendelea kwenye skrini ya mwenzako: anachapa. Kila unachosema anakiandika. Google hasa, msaili peke yake hakuajiri. Anaandika ripoti, na kamati ya watu ambao hawajawahi kukuona ndiyo inayoisoma. Ukinyamaza dakika kumi ukiwaza mambo mazito, ripoti haina cha kusema juu ya dakika hizo. Heshima yako ya kutulia haifiki kwenye kamati.

Tuchukue swali jepesi la fani yako. Una orodha ya miamala 100,000, tafuta miwili ambayo jumla yake ni kiasi fulani. Usikimbilie kuandika. Uliza kwanza: kiasi kinaweza kuwa hasi, yaani marejesho? Muamala mmoja unaruhusiwa kutumika mara mbili? Kukiwa na majibu mengi nirudishe lipi? Kisha sema njia ya kijinga kwa sauti: "Nikilinganisha kila muamala na mwenzake, ni jozi karibu bilioni 5, hapana. Nikiweka niliyokwisha kuyaona kwenye HashMap, jedwali la kutafutia kitu papo hapo, napita orodha mara moja tu, ila nalipa kwa kumbukumbu ya kompyuta." Hapo hujaandika mstari hata mmoja, na mwenzako ameshajaza nusu ukurasa wa mazuri yako. Ukimaliza kuandika, pitisha mfano mdogo wa namba nne kwa mkono, mstari kwa mstari, kwa sababu mara nyingi ule ukurasa wa kuandikia hauendeshi programu.

Jambo jingine linalotuangusha sana watu wa kwetu ni "sisi". Utaulizwa habari za kazi ulizofanya, nawe utasema tulijenga, tulirekebisha, tulishauriana. Nyumbani ndiyo ustaarabu. Msaili akibaki na "sisi" tupu, hajui wewe ulifanya nini. Mtu wa malipo lazima una kisa cha mteja kukatwa hela mara mbili kwa sababu mtandao ulikatika na ombi likatumwa tena. Nani aligundua? Nani alisema kila ombi libebe namba yake ya pekee ili likirudi lisitekelezwe tena? Kama ni wewe, sema ni mimi. Ukija kufanya usaili Amazon ndiyo utaisoma namba, maana wana kanuni 16 za uongozi na kila msaili anachimba visa vya namna hiyo.

Kiingereza cha barua pepe kinatosha. Sentensi fupi. Nimewapitisha watu wenye lafudhi nzito kuliko yangu, na yangu ni ya Tanga mjini.

FundiSeva

Dada, shukrani sana. Hiyo ya "sisi" imenigusa, ndivyo ninavyoongea kila siku. Nikikwama kabisa je? Na msaili yuko California, wameandika saa 10 asubuhi ya kwao.

BintiTanga

Ukikwama, taja ulipokwama: "Najua nahitaji kupata kubwa kuliko zote haraka, bado sijajua nizihifadhi vipi." Atakupa dokezo. Lipokee na ulitumie papo hapo. Wengine huling'ang'ania wazo lao mpaka muda unaisha, na hilo nalo linaandikwa.

Saa 10 yao hiyo ni ya kizungu, kwa hiyo kwako ni saa 2 usiku. Angalia tarehe: wao hurudisha saa nyuma Novemba, sisi hatubadilishi, ikawa saa 3.

MzeeWaLinux

Saa 2 usiku Dar, na umeme wetu huu? Chaji laptopu, weka bando kwenye simu ya pili.

FundiSeva

Hilo nimeshaliwaza Mzee, nitaenda ofisini, kuna jenereta. Dada BintiTanga, wamenipa wiki ijayo. Nikiomba wasogeze mbele nijifue zaidi, nitaonekana mzembe?

BintiTanga

Hapana. Mwandikie leo huyo wa ajira, omba wiki tatu. Wanaombwa hivyo kila siku. Na mshikaji wako wa bao mrudishe kazini, safari hii akatae kuangalia skrini, asikilize tu.