Tupeane uzoefu: kishikwambi kizee, betri inakata roho, na kazi zako zote zimo humo humo

Mchoraji wa Sakina

Wakuu, habari za jioni. Niko Sakina hapa Arusha, nachora kwa ajili ya kula: nembo za kampuni za utalii, picha za vitabu vya watoto, mara moja moja fulana za timu za mtaani. Natumia iPad ya 2018, ile ya bei ya kawaida ya kwanza kukubali kalamu. Niliinunua mkononi mwa mtu ikiwa tayari imetembea.

Sasa mzee kachoka. Ikifika asilimia 30 inazima bila kuaga. Nikichomeka chaja inaamka na kuniambia ina 28, kama vile hakuna kilichotokea. Mteja anakuja kuangalia mchoro, namgeuzia kioo, giza. Wiki hii nimeona kitu kingine: kioo kimenyanyuka upande wa kulia. Kadi ya benki inapita ukingoni. Nikikibonyeza, doa jeupe linatokea kisha linarudi.

Humo ndani kuna michoro 412 kwenye Procreate, programu ninayochorea. Haijawahi kutoka hata mmoja ukiwa na leya zake (yale matabaka ya mchoro unayoweza kurekebisha moja moja). Najua, msinitukane. Ambaye yamemkuta atuambie alifanyaje. "Nunua mpya" tafadhali msiniandikie, ningekuwa na hela nisingekuwa hapa.

Fundi wa Kaloleni

Mleta mada, kama imechomekwa sasa hivi, chomoa kwanza halafu urudi usome.

Hicho si kioo kulegea. Betri imevimba. Betri ya lithiamu ina kimiminika ndani, na kikizeeka au kikipigwa na joto kinavunjika na kutoa gesi. Betri ya kishikwambi haiko kwenye kopo gumu, iko kwenye mfuko laini uliozibwa pande zote, kwa hiyo gesi haina pa kutokea. Inasukuma kilicho karibu, na kilicho karibu ni kioo. Usikibonyeze tena. Usikifunge na rababendi, usikiwekee tofali juu, na usilale nacho kikiwa kwenye chaji. Kuna kijana aliniletea cha kwake kimefungwa mipira minne ya nywele, ananiambia "fundi, nilikuwa nakirudisha taratibu".

Nikupe na langu, maana mafundi tunapenda kusimulia makosa ya wateja tu. Mwaka wangu wa pili wa kazi nililetewa kilichovimba kama chako. Betri imegandishwa na gundi, nami nina haraka, nikaingiza bisibisi chini yake nikainua. Ncha ikatoboa mfuko. Kwanza nikasikia "fssss", harufu tamu ya ajabu kama ya kufutia rangi ya kucha, halafu moshi, halafu moto. Niliitupa nje ya kibanda kwa mkono, na kovu ninalo mpaka leo kwenye kidole gumba. Siku hizi sifungui kitu kabla chaji haijashuka chini ya asilimia 25, natumia kadi ya plastiki na spiriti ya kulainishia gundi, na ndoo ya mchanga iko mguuni. Fundi akikuchomolea betri iliyovimba kwa bisibisi mbele yako, rudi nyuma hatua tano.

Kuhusu kuzima kwenye 30: betri ikizeeka, upinzani wa ndani unaongezeka. Fikiria bomba la mtaa saa kumi na mbili asubuhi. Ukifungua peke yako maji yanatoka, jirani naye akifungua lake, lako linakuwa mate. Kazi nyepesi betri inaimudu. Ukifungua mchoro wenye leya nyingi, kifaa kinavuta umeme mwingi kwa mara moja, volti zinaporomoka, kifaa kinajizima kujilinda. Chaji ilikuwepo, ila haikuweza kutoka kwa kasi inayotakiwa. Ndiyo maana kikiamka kinasema 28, na wala hakidanganyi.

Fanya hivi: kitumie kwa chaji iliyobaki, juu ya meza au sakafu ya saruji, mbali na godoro na pazia. Kazi ya kwanza na ya pekee ni kutoa faili. Ikibidi kuchaji, chaji kidogo ukiwa umekaa hapo hapo unakitazama. Kikizidi kuvimba au kikiwa cha moto, acha, zima, niletee mimi au mwingine unayemwamini.

Mama Mishono, Moshi

Mdogo wangu wa Sakina, pole. Mimi ni mshonaji, niko Moshi, si mbali na Memorial. Mishono naichora kwenye tableti ya Android kwa ibisPaint. Nilikuwa na miaka mitatu ya mishono humo: sare za harusi, za sendofu, magauni ya kipaimara.

Tableti ikaanza kuzima zima kama yako. Nikaipeleka kwa kijana mmoja stendi. Hata hakuangalia betri. Akasema programu imejaa uchafu, "tuifute tuiweke upya, mama, itakuwa nyepesi". Nikasema haya. Ilikuwa nyepesi kweli! Nilipoifungua, ukurasa mweupe. Programu ile michoro inaiweka tumboni mwake, ukiifuta inaondoka na mimba yake. Na tableti iliendelea kuzima vile vile.

Harusi ilikuwa baada ya wiki mbili, sare za watu kumi na wanane. Kilichoniokoa ni kwamba nilikuwa nimemtumia bibi harusi picha WhatsApp. Picha zenyewe zimebanwa, lile pindo la shingoni limekuwa ukungu mtupu, siwezi hata kuhesabu marinda. Nilikaa na fundi wangu mpaka saa nane usiku tunakisia. Bibi harusi mpaka leo hajui kwamba marinda yalikuwa tisa kwenye mchoro na saba kwenye gauni.

Sasa hivi kila mchoro ukiisha najitumia mwenyewe WhatsApp, lakini kama dokumenti, sio kama picha. Ukituma kama dokumenti haibanwi. Na faili lenyewe la mchoro naliweka Google Drive kila Jumapili nikitoka ibada ya kwanza, kwa sababu bando la ofa ninalo siku hiyo.

Kijana wa Njiro

Mimi cha kwangu kimechomekwa muda wote kama friji. Mwaka wa saba huu. Nikichomoa kinakufa papo hapo. Maisha yanaendelea.

Fundi wa Kaloleni

Friji haina betri, mkuu. Betri ya lithiamu ukiishikilia kwenye asilimia 100 mchana na usiku, tena kwenye joto, unaizeesha. Ingekuwa na raha ukiicheza kati ya 40 na 80. Baadhi ya Samsung zina mpangilio wa kusimamisha chaji kwenye 80 au 85, uangalie kwenye mipangilio ya betri. Wewe umeshachelewa, lakini umwambie mdogo wako.

Mwalimu wa Kwaya

Huyu wa friji ndiye niliyekuwa mimi, kwa hiyo nimsimulie mwisho wa hadithi yake.

Nafundisha kwaya hapa Moshi. Sauti narekodi kwa kishikwambi (tulikuwa tukisema tableti mpaka sensa ya 2022 ilipotutia neno hili mdomoni, sasa naona hata bibi yangu Kibosho analitumia). Betri ilikuwa ya mapambo, kinaishi kwa waya. Tukiwa tunaandaa nyimbo za Pasaka, nimeshapanga sauti zote nne, besi nimewarekodi mara sita maana besi ni watu wa kuchelewa kuingia, nikabonyeza kuhifadhi. Umeme ukakatika. Hapo hapo katikati ya kuhifadhi.

Uliporudi, faili lipo, jina lipo, ukubwa sifuri. Halifunguki. Faili lilikuwa linaandikwa juu ya lile la zamani, kwa hiyo jipya halikuisha na la zamani halipo tena. Niliwaambia wanakwaya Jumamosi, mama mmoja wa soprano akasema, "Mwalimu, kwani sisi tumekatika? Tuimbe tena." Tukaimba tena. Besi wakachelewa tena.

Tangu hapo sihifadhi juu ya faili moja. Kila kikao kina namba yake: Pasaka 1, Pasaka 2, mpaka 11. Inakula nafasi, lakini ikiharibika ya 11 ninayo ya 10. Na sauti kila moja naitoa peke yake kama faili la WAV, kwa sababu faili la mradi linahitaji programu ile ile, WAV inafunguka popote.

Nyongeza kwa wanaohamishia kwenye flashi: video yetu ya Pasaka ilikuwa kubwa kuliko GB 4, flashi ikagoma huku nafasi ikiwa tele. Nikadhani flashi ni mbovu, nikanunua nyingine, nayo ikagoma. Kumbe zote zilikuwa zimeandaliwa kwa mfumo wa FAT32, ambao haupokei faili moja la GB 4 na kuendelea. Ukiiandaa upya kwa exFAT inapokea. Kuiandaa upya kunafuta vyote vilivyomo, kwa hiyo toa kwanza.

Kiongozi wa Machame

Mimi ni mpandishaji wageni mlimani. Nina kitabu changu cha maua ya Kilimanjaro ninachokichora mwaka wa nne huu: lobelia, yale masenesio makubwa yenye kichwa kama kabichi, na lile ua dogo jekundu lenye mkia, Impatiens kilimanjari, ambalo haliko mahali pengine duniani ila mlima wetu. Nachora nikifika kambini, wakati wapishi wanahangaika na supu.

Betri yangu haikuvimba, ila ilikuwa kuukuu. Usiku mmoja kambi ya Barafu, zaidi ya mita 4,600, kishikwambi kilikuwa na asilimia 46. Nikakitoa kwenye begi nimalizie petali, kikazima. Nikadhani ndio mwisho. Nikatoa benki ya umeme, nikakichomeka hapo hapo kwenye baridi, hakikupokea kitu.

Mgumu mmoja (mpagazi) mtu mzima, ambaye hata simu yake ni ya vitufe, akaniambia, "Meku, hata sisi tukiamka huku hatuongei mpaka tunywe chai. Kipashe moto." Nikakiingiza ndani ya begi la kulalia, katikati ya soksi na tumbo langu. Baada ya saa moja nikabonyeza: kikawaka, asilimia 41.

Baridi inapunguza mwendo wa kemia ya ndani ya betri, na betri nzee inaumia zaidi kuliko mpya. Ikipata joto la mwili inarudi. Ila nilichokuja kujua baadaye ni kwamba kuchaji betri ya lithiamu ikiwa chini ya nyuzi sifuri kunaiharibu moja kwa moja. Kuitumia kwenye baridi inavumilia, kuichaji hapana. Kwa hiyo bahati yangu ilikuwa kwamba kiligoma.

Michoro naihamishia kwenye memori kadi kila jioni kabla ya kula, na kadi inakaa kwenye kipochi cha pasipoti. Nikishuka getini Mweka nakiacha kishikwambi kwenye gari bila wasiwasi, kadi siiachi.

Fundi wa Kaloleni

Kwenye gari pia usikiache, meku, jua la dashibodi ni baya kuliko baridi ya Barafu. Mengine yote umesema sawa.

Na jambo la betri za kununua. Mtu akikuuzia betri ya kishikwambi iliyoandikwa 12,000 wakati ya asili ni 7,000 na kitu, na umbo ni lile lile, hapo umenunua stika. Ipime mkononi na ya zamani. Ikiwa nyepesi sana, irudishe. Na ya zamani usiitupe jalalani wala kwenye moto wa taka, mimi nazikusanya kwenye debe lenye mchanga.

Mchoraji wa Sakina

Wakuu, nimerudi. Asanteni wote, na mama Mishono, shikamoo.

Nilianza na flashi. Nikaazima kile kiunganishi cha kuchomekea flashi, iPad ikaniambia kifaa kinataka umeme mwingi kuliko inavyoweza kutoa. Mzee anakataa hata kubeba flashi! Nikaenda Njiro ofisini kwa binamu yangu penye intaneti ya maana, Jumamosi hawapo. Nikakaa sakafuni mlangoni, madirisha wazi, iPad juu ya kigae, ndoo ya mchanga pembeni. Mlinzi alikuja mara mbili kuuliza kama nachimba dawa.

Nilizipanga kwanza. Kazi za wateja ambao bado wananidai, kisha zilizolipwa, kisha zangu za kujifurahisha. Nilichagua kumi kumi, natuma kama faili la Procreate lenyewe, kwenda Google Drive. Ilizima mara tano. Mara mbili niliichaji nikiwa nimeikodolea macho kama mama anayechemsha maziwa. Saa mbili usiku zilikuwa zimetoka 397. Kumi na tano hazikutoka, ikawa ya moto, nikaizima kama fundi alivyosema.

Jumatatu nikapanda kifodi mpaka Kaloleni. Fundi kaitoa betri mbele yangu kwa kadi na spiriti, dakika arobaini, hatuongei. Ilikuwa imetuna kama andazi. Betri mpya anaitafuta, iPad imebaki kwake.

Halafu jana saa tatu usiku mteja wa kitabu cha watoto ananipigia: twiga wa ukurasa wa 14 amekuwa mweusi mno, abadilishwe, kitabu kinaenda kuchapwa asubuhi. Nikaingia Drive kwa kompyuta ya dada, faili lipo, lakini la Procreate, na kompyuta hailijui. Jasho. Nikakumbuka kwamba michoro kumi na miwili ya kitabu hicho nilikuwa nimeitoa pia kama PSD, faili la Photoshop, basi tu, nikisubiri ile mingine ipande. Nikashusha Krita, programu ya kuchorea ya bure, ikafungua PSD na leya zote mahali pake. Nikachora kwa panya ya kompyuta, mkono unatetemeka kama nimeanza chekechea. Saa tano na nusu nikamtumia, kama dokumenti.

Asubuhi kajibu. Anasema yule twiga wa kwanza alikuwa mzuri zaidi.